Ushauri: siku tano kwenye makorongo ya Utah na Arizona, tuna Mama na mtoto. Tukate wapi?

Binti wa Malindi

Hamjambo wenzangu. Naomba msaada wa waliowahi kufika kule kwenye makorongo mekundu ya Utah na Arizona.

Tunaishi Dallas, mimi, mume wangu na kijana wetu wa miaka tisa ambaye anaingia darasa la nne shule zikifunguliwa. Mama yangu amekuja kututembelea kutoka Malindi, yuko nasi mpaka Novemba. Tangu afike hajaona ila barabara kuu, maduka na uwanja wa nyuma wa nyumba yetu. Juzi ameniuliza kama Marekani yote ni maegesho ya magari. Nimeona haya.

Mpango niliouandika ni huu: mwanzoni mwa Agosti, kabla ya shule, tunaruka hadi Las Vegas na kukodi gari. Siku ya kwanza Grand Canyon, ya pili Zion, ya tatu Bryce Canyon na Capitol Reef, ya nne Arches na Canyonlands, ya tano tunarudi Vegas kupanda ndege. Mume wangu anasema inawezekana, kwenye ramani zimepakana.

Mama ana miaka 68. Presha anayo ila dawa anakunywa vizuri, na goti la kulia linamsumbua akipanda ngazi. Lakini si mtu wa kuachwa garini akisubiri wengine, hilo nawaambia mapema. Inawezekana? Kama haiwezekani tukate nini?

Dereva wa Masafa

Dada, kwanza mfikishie Mama shikamoo.

Mimi navuta trela, I-15 na I-70 nazipita wiki hadi wiki. Mwambie shemeji ramani ya Marekani inadanganya macho. Vegas mpaka ukingo wa kusini wa Grand Canyon ni kama kilomita 450, saa nne na nusu hivi. Kutoka hapo kwenda Zion, karibu hizo hizo tena. Halafu Moab, mji uliopo mlangoni mwa Arches, mpaka Vegas ni zaidi ya kilomita 700. Saa saba za usukani kama hamsimami, na mkiwa na mtoto na bibi mtasimama. Siku yenu ya tano mtaimaliza mkikimbizana na ndege. Ukienda kutoka Vegas kumbuka pia Utah iko saa moja mbele ya Nevada, watu huikosa saa hiyo kila siku.

Grand Canyon ifuteni kabisa, ile ni safari yake peke yake. Hapo mnabaki na hifadhi tano za Utah, ambazo nazo kwa siku tano bado ni nyingi.

Na mafuta. Kule usiseme "tutajaza mbele". Kwenye I-70 kati ya Salina na Green River kuna zaidi ya kilomita 160 bila kituo hata kimoja. Tangi likifika nusu, jaza.

Nesi wa Usiku

Mimi sina maneno ya barabara, nina ya Mama. Agosti hapana.

Zion na Moab mwezi huo joto kupita nyuzi 38 ni jambo la kawaida, na jua linapigwa na mwamba linarudi usoni. Atakwambia yeye ni mtu wa Pwani, joto amelizoea. Joto la Malindi lina unyevu na upepo wa bahari, unatokwa jasho unajua unatokwa jasho. Kule jasho linakauka kabla hujaliona na mtu anaishiwa maji bila habari. Tena dawa nyingi za presha zinamkojoza mtu. Muulize daktari wake kabla ya safari, umwambie na urefu wa mahali, maana Bryce iko kati ya mita 2,400 na 2,700 juu ya usawa wa bahari na Mama ametoka mita sifuri.

La pili: ana bima ya msafiri? Kama hana, mkatie kabla hamjagusa tiketi. Nafanya kazi chumba cha dharura, bili naziona.

Na swali langu ni dogo tu. Mama yupo mpaka Novemba, haraka ya Agosti ni ya nini?

Binti wa Malindi

Haraka ni shule tu dada yangu. Ila kuna ile wikendi ndefu ya Oktoba, ya Columbus. Tukimwombea mtoto ruhusa Alhamisi na Ijumaa, tunapata siku zile zile tano.

Mguu Njia

Oktoba! Usifikirie mara mbili.

Nesi kataja joto, mimi naongeza maji. Julai mpaka Septemba kule ni msimu wa mvua za radi, na makorongo yale ni membamba. Mvua inanyesha mbali, juu yako mbingu ni buluu, mara ukuta wa tope huo. Septemba 2015 watu saba walifariki ndani ya Zion kwenye korongo liitwalo Keyhole. Agosti 1997 walikufa watu 11 kwenye Antelope Canyon ya chini, karibu na Page. Wakenya hatuhitaji kuelezwa, tuliona Hell's Gate Septemba 2019, watu saba vilevile. Hata Oktoba ukiingia popote penye kuta mbili na mchanga chini, muulize kwanza askari wa hifadhi hali ya siku hiyo.

Sasa kuhusu kukata. Mimi nasema bakini na Zion, Bryce na Capitol Reef, Moab iacheni. Zion ina mabasi ya bure yanayoingia bondeni, na msimu huo magari binafsi hayaruhusiwi kwenye barabara ile, kwa hiyo shemeji hahangaiki na maegesho. Mama anashuka kituo cha mwisho, anatembea kando ya mto kwenye njia iliyosakafiwa mpaka goti likisema basi, anarudi. Njia ya kupanda Angels Landing msiguse. Ni minyororo na kibali cha bahati nasibu, si mambo ya bibi na mtoto.

Mpiga Soga

Samahani wakuu, mimi napita tu. Dola zote hizo kwenda kutazama mawe? Mama ametoka Malindi, korongo la Marafa liko pale pale nyuma ya nyumba, mawe mekundu, meupe, ya waridi, mpaka machweo yamo. Angepelekwa Disney angalau.

Mguu Njia

Mpiga Soga umekuja kuharibu ukasaidia. Bryce ni Marafa iliyozidishwa mara nyingi: nguzo za mawe kwa maelfu, zimepangana kwenye bakuli kubwa chini ya ukingo. Marafa imechimbwa na mvua. Bryce mvua imepata mwenzake, barafu: maji yanaingia kwenye nyufa, usiku yanaganda na kutanuka, mchana yanayeyuka, na mchezo huo unarudiwa siku nyingi sana za mwaka mpaka jiwe linapasuka.

Na hadithi zao zinafanana ajabu. Marafa wazee husimulia juu ya matajiri waliooga maziwa mpaka Mungu akawadidimiza ardhini. Wapaiute, wenyeji wa asili wa upande ule wa Utah, husema nguzo za Bryce ni watu waliokuwa na tabia mbaya, Coyote, yule mbweha wa hadithi zao, akawageuza mawe. Mama akisimama pale ukingoni atakuwa na la kumsimulia mjukuu. Disney atasimulia nini?

Kaka wa Salt Lake

Habari zenu kutoka Utah kwenyewe. Mimi natoka Bukavu, niko Salt Lake City miaka mingi, na wageni wangu wote nawapeleka huko. Mmesahau pesa.

Tangu Januari 2026 mgeni asiye mkazi wa Marekani, mwenye miaka 16 na zaidi, analipa dola 100 za ziada kwenye hifadhi 11 zenye watu wengi. Zion imo, Bryce imo, Grand Canyon imo. Mama kaja na visa ya matembezi, hilo linamhusu. Kadi ya mwaka ya mkazi ni dola 80, ya asiye mkazi ni 250. Lakini Arches, Canyonlands na Capitol Reef hazimo kwenye orodha ile ya 11. Mnaona ninakoelekea?

Halafu kijana. Darasa la nne! Kuna kadi ya bure kwa kila mtoto wa darasa hilo, inaingiza gari zima, inaanza Septemba mosi mpaka Agosti 31 ya mwaka unaofuata. Mngeenda mwanzoni mwa Agosti mngeikosa. Oktoba anayo mkononi. Mtoto anajisajili kwenye tovuti ya Every Kid Outdoors, mnaichapisha karatasi na kwenda nayo. Hiyo ni ya kiingilio cha gari. Ile dola 100 ya Mama iwekeni pembeni.

Ushauri wangu: Vegas iacheni. Rukeni mje Salt Lake City, mzunguke duara, gari mlirudishe pale pale mlipolichukua, kwa sababu wenye magari ya kukodi wanakamua sana ukiliacha mji mwingine. Alhamisi mnashuka Moab, saa nne za barabara. Ijumaa mnalala hapo hapo. Jumamosi Capitol Reef. Jumapili Highway 12 mpaka Bryce. Jumatatu asubuhi mnatazama jua likichomoza Bryce, kisha saa nne na kitu mpaka uwanja wa ndege. Zion haimo, nisameheni.

Mguu Njia

Kukata Zion ni dhambi ndugu yangu.

Kaka wa Salt Lake

Ni dhambi, lakini wikendi ya Columbus Zion ni foleni ya basi, foleni ya choo, foleni ya picha. Bibi wa miaka 68 hasafiri kwenda kupanga foleni.

Dereva wa Masafa

Nilitaka kumuunga mkono Mguu Njia, ila duara la Kaka nimelipima na kilomita zinakubali. Hakuna siku inayozidi saa nne au tano za usukani, na Highway 12 ndiyo barabara nzuri kuliko zote ninazozijua nchi hii, japo na trela siigusi. Kati ya Boulder na Escalante kuna kipande kinaitwa Hogback, barabara imekaa juu ya mgongo wa mwamba, shimo kulia na shimo kushoto. Kama shemeji ana kizunguzungu, akae abiria.

Mambo mawili. Msiendeshe usiku kule, paa wanavuka barabara hasa karibu na Bryce, na Oktoba kufika saa moja jioni giza limeshaingia. Pia juu ya Boulder Mountain barabara inapanda kupita mita 2,900, theluji ya Oktoba si ajabu. Angalia utabiri Jumamosi usiku. Simu kwenye njia hiyo hupotea mtandao, kwa hiyo ramani zipakueni mapema.

Binti wa Malindi

Jamani nimewasoma wote, nikamsomea na Mama. Nilipomwonyesha picha za Bryce akasema, "Hii si Nyari?" kwa lile jina la kwao la Marafa, akataka kujua kama nako kuna mwongozaji wa kuomba chai. Basi Bryce imepita bila kupingwa, na dola 100 zake nitalipa mimi. Mume wangu kakubali Zion iondoke, ila amenuna.

Nimebaki na swali moja: huko Moab na Capitol Reef, kipi Mama anaweza kukiona kwa miguu yake?

Kaka wa Salt Lake

Vingi. Arches ingieni asubuhi na mapema, kabla ya saa mbili, kwa sababu baadaye maegesho hujaa. Tazama tovuti ya hifadhi wiki chache kabla, miaka ya karibuni walikuwa wanadai uweke nafasi ya saa ya kuingia na utaratibu huo hubadilika. Balanced Rock unaizunguka dakika chache. Double Arch njia ni fupi na tambarare. Ile Delicate Arch iliyo kwenye vibao vya magari ya Utah, kuifikia ni kilomita karibu tano kwenda na kurudi, mlima wa mwamba mtupu, hakuna kivuli. Baba na kijana waende. Mama na wewe mwende kile kituo cha chini cha kuitazamia, hatua chache kutoka kwenye gari, mnaiona kwa mbali.

Jioni msiende Canyonlands yote, ni kubwa mno. Upande wa Island in the Sky unatosha, kisha machweo mkayaone Dead Horse Point. Hiyo ni hifadhi ya jimbo, kadi ya mtoto haifanyi kazi pale, lipeni. Mto Colorado unajipinda chini yenu kama mita 600, na ukingoni pana ukuta wa kuegemea. Bebeni maji kutoka Moab, kule juu msitegemee kuyapata.

Capitol Reef ndiyo ninayoipenda. Wamormoni walipanda bustani za matunda pale Fruita tangu karne ya 19 na miti bado inazaa. Kama tofaha za mwisho zipo, mnachuma wenyewe na kulipia. Kuna nyumba ya zamani ya Gifford wanauza pai za matunda, wahini mapema, huisha. Michoro ya watu wa kale iliyochongwa kwenye mwamba iko kando ya Highway 24, mmetengenezewa njia ya mbao. Kulala ni Torrey.

Nesi wa Usiku

Na koti! Usiku wa Oktoba Bryce unashuka chini ya sifuri. Koti zito, soksi za sufi, kofia ya masikio. Leso mbili za Malindi hazitoshi, hata akikwambia zinatosha. Pale ukingoni njia kati ya Sunrise Point na Sunset Point imesakafiwa, hiyo anaimudu. Kushuka chini kwenye nguzo asishuke, maana kupanda kurudi ndiko kunakoua goti. Dawa zake zikae mkobani, si kwenye buti la gari.

Mguu Njia

Nimeshindwa kwa heshima. Kidokezo cha Bryce basi: barabara ya ndani ni kama kilomita 29, na vituo vya kutazamia vyote viko upande wa mashariki. Nendeni moja kwa moja mpaka mwisho, Rainbow Point, kisha simameni mkiwa mnarudi, vituo vitakuwa kulia kwenu na shemeji hatakata barabara hata mara moja. Labda ataacha kununa.

Binti wa Malindi

Ahsanteni sana. Moteli ya Moab nimeshaweka nafasi usiku huu huu, zilikuwa zimebaki chache. Torrey na Bryce kesho.

Kaka wa Salt Lake

Vizuri. Moja la mwisho: Jumapili miji midogo ya Utah hulala, mikahawa na maduka mengi ya njia ile hufungwa, na nyinyi Jumapili ndiyo mko Highway 12. Jumamosi asubuhi kabla ya kuondoka Moab ingieni dukani mnunue chakula cha siku mbili. Barafu pia, kwa ajili ya kijisanduku. Hanksville, njiani kabla ya Capitol Reef, jazeni mafuta hata kama yapo.