Mjadala: Wadachi wamefanya sawa kumwondoa Piet Mweusi?

Mtoa mada, The Hague

Wakuu, salamu. Novemba ikiingia huku Uholanzi mada huwa ni hii hii, na kwa Kidachi imeshanichosha. Naileta kwetu tuichambue kwa Kiswahili.

Kwa wasioijua: Wadachi, yaani Waholanzi, wana sikukuu yao ya watoto kabla ya Krismasi. Katikati ya Novemba anawasili Sinterklaas, yaani Mtakatifu Nikolasi, mzee wa ndevu nyeupe na kofia ya kiaskofu, kwa meli ya mvuke, eti katokea Hispania. Anapanda farasi mweupe, anapita mitaani, na mapokezi hayo yanarushwa kwenye televisheni tangu 1952. Kuanzia siku hiyo watoto wanaweka kiatu usiku karibu na hita, ndani karoti ya farasi. Asubuhi karoti haipo, ipo herufi ya kwanza ya jina la mtoto, ya chokoleti. Kilele ni jioni ya tarehe 5 Desemba, siku ya zawadi. Mpaka hapo hakuna mwenye ugomvi na mtu.

Ugomvi ni wasaidizi wake. Kwa miaka mingi sana msaidizi aliitwa Zwarte Piet, Piet Mweusi: Mzungu aliyejipaka uso rangi nyeusi tii, midomo myekundu, wigi la nywele za kipilipili, hereni kubwa za dhahabu. Anaruka sarakasi, anafanya ujinga ujinga, anawarushia watoto vibiskuti vya viungo. Kwenye mapokezi ya kitaifa hayupo tena. Tangu 2019 shirika la utangazaji la NTR linatumia akina Piet wenye michirizi michache tu ya masizi mashavuni.

Mimi nasema wamefanya sawa, na wamechelewa. Hoja kubwa ya wapinzani ni kwamba hii ni mila ya mababu. Mababu gani? Umbo tunalolijua lilienezwa na kitabu cha watoto cha 1850, cha mwalimu wa Amsterdam aitwaye Jan Schenkman. Humo ndimo Sinterklaas alipopewa mtumishi mweusi, na humo humo ndimo alipopandishwa meli ya mvuke, ambayo kwa wakati huo ilikuwa teknolojia mpya. Mtakatifu Nikolasi wa kweli, askofu wa Myra (Uturuki ya leo) wa karne ya nne, hakuwa na meli ya mvuke! Na mwaka huo wa 1850 Uholanzi bado ilikuwa na watumwa Suriname, koloni lake la Amerika Kusini. Sheria ya kuwaacha huru ilianza kutumika 1863, na hata baada ya hapo wengi walilazimishwa kufanya kazi mashambani miaka 10 mingine.

Karibuni. Hoja, siyo matusi.

Jibu kutoka Mwanza

Mtoa mada, nakuheshimu lakini hapa umeteleza. Ukienda kwa wenyewe, fuata ya wenyewe. Wewe umepokelewa, umepewa kazi, mtoto anasoma, halafu unawapangia wenyeji namna ya kusherehekea? Jaribu kufikiria Mdachi anakuja huku kwetu Usukumani anatuambia ngoma ya nyoka tuiache, inamtisha. Si tungemfukuza? Wale watoto walikuwa wanampenda Piet kuliko hata huyo askofu. Mtu akipendwa na watoto, ubaguzi uko wapi?

Jibu kutoka Rotterdam

Kaka wa Mwanza, hilo la ugeni ndilo linalonikera kuliko yote. Watu wenye asili ya Suriname na Curaçao, kisiwa cha Karibi, siyo wageni Uholanzi. Uholanzi ndiyo iliyokwenda kwao kwanza, ikawapeleka babu zao kutoka Afrika kwa minyororo, ikawatawala, ikawapa lugha na pasi. Curaçao mpaka leo imo ndani ya Ufalme wa Uholanzi. Sasa raia wa ufalme akisema mfano huu unanidhalilisha, utamwambia arudi kwao wapi?

Mwaka 2011 Quinsy Gario, mzaliwa wa Curaçao, na Jerry Afriyie, mzaliwa wa Ghana, walisimama kwenye mapokezi ya Dordrecht wamevaa fulana zilizoandikwa kwamba Piet Mweusi ni ubaguzi. Hawakumgusa mtu. Polisi waliwabwaga chini na kuwakamata, watoto wakiangalia. Harakati zenyewe zilipata nguvu pale.

Na kuhusu watoto kumpenda: mwanangu wa kike, darasa la pili, alikuwa akiitwa Piet kila Novemba uwanjani shuleni. Wenzake hawakuwa na nia mbaya, walikuwa wanamwomba vibiskuti. Akarudi nyumbani akaniomba nimsugue mikono kwa sponji ya vyombo.

Jibu kutoka Mombasa

Pole mamangu, hilo la sponji limeniuma.

Lakini mimi nina swali la haki. Wengine husema Piet ni mweusi kwa sababu huteremka kwenye dohani kupeleka zawadi, ni masizi tu. Pia Austria wana Krampus, jitu la pembe na ulimi mrefu linalotembea na huyo huyo Nikolasi kuwachapa watoto watundu, na hakuna anayeandamana. Kwa nini Piet peke yake?

Mtoa mada

Shekhe wangu, dohani gani inayosokota nywele, ikavimbisha midomo na kumvisha mtu hereni, halafu ikaacha nguo za hariri safi kama zimetoka dukani? Kama ni masizi, basi michirizi ya sasa ndiyo yenye ukweli zaidi kuliko ile rangi ya zamani. Hiyo hoja yao imewageuka.

Krampus ni shetani wa kubuni. Hakuna kabila la Krampus linalotafuta kazi Vienna na kuulizwa pembe ziko wapi.

Jibu kutoka Lubumbashi

Huku kwetu Saint Nicolas tunamujua, Wabelgiji walimuleta. Tarehe 6 Desemba batoto banapata bonbon. Huyo Piet hatumuhitaji, na sikukuu inaendelea muzuri tu.

Jibu kutoka Mwanza

Sawa, la uraia nimekuelewa dada. Bado nauliza: nani aliamua? Mimi sipendi serikali kuingia kwenye sherehe za watu.

Jibu kutoka Rotterdam

Serikali haikupiga marufuku chochote. Amsterdam suala lilifika mahakamani, na mwaka 2014 Baraza la Nchi, mahakama ya juu ya mambo ya utawala, likasema meya anapotoa kibali hana mamlaka ya kuamua kama Piet ni ubaguzi. Mark Rutte, waziri mkuu wa wakati huo, mwenyewe kwa miaka alisema Piet ni mweusi na haiwezi kuwa vingine. Juni 2020, baada ya mauaji ya George Floyd, ndipo akakiri bungeni kwamba mtazamo wake umebadilika. Mageuzi yalitoka kwa waandamanaji, shule, manispaa, maduka na televisheni, kila mmoja kwa wakati wake.

Na waliotumia nguvu walikuwa nani? Mwaka 2017 mabasi ya waandamanaji yalikuwa yanakwenda Dokkum, kaskazini. Watu wakasimamisha magari katikati ya barabara kuu ya A7 wakawazuia. Waandamanaji walikuwa na haki yao ya kisheria. Waliofunga barabara ndio waliotiwa hatiani, 34.

Jibu kutoka Mwanza

Barabara kuu? Hiyo sasa ni hatari, mtu angekufa. Hapo siwatetei. Lakini huko vijijini bado wanajipaka nyeusi, au siyo? Na wako ndani ya sheria, kwa maelezo yako mwenyewe.

Mtoa mada

Wapo, na wako ndani ya sheria kweli. Siombi wafungwe. Nataka tu wakiulizwa na mtoto kwa nini wamejipaka, wajibu bila kumsingizia dohani.

Jibu kutoka Mombasa

Swali la kizushi la mwisho: wewe ukijitolea kuwa Piet shuleni kwa mwanao, utapakwa nini? Masizi kwako si hayataonekana!

Mtoa mada

Kamati ya wazazi iliniuliza hilo hilo, kwa aibu, wakitazamana. Nimewaambia kofia yenye unyoya inatosha. Tarehe 5 nina zamu ya asubuhi ya vibiskuti, na nimeshaambiwa nisiwape darasa la kwanza zaidi ya konzi moja moja.