Naomba ushauri: niwafundisheje vijana miaka kumi ya Ujamaa, 1967 hadi 1977?

Chaki Nyeupe: Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Historia kidato cha nne. Azimio la Arusha Februari 1967, benki kutaifishwa, Operesheni Vijiji ya kuwahamishia watu vijiji vya Ujamaa, CCM kuzaliwa Februari 1977: watoto wanakariri tarehe, basi. Nataka wawasikie waliokuwepo, aliyehamisha na aliyehamishwa, darasa moja, siku moja. Ila roho haitulii. Mnashaurije?

Mkulima Mstaafu: Kwanza warudishiwe shamba la shule. Sisi tulilima, tukavuna, tukala. Siku hizi kijana anamaliza shule hajui kushika jembe.

Binti wa Isimani: Mwalimu, usidhani waliohamishwa wana kauli moja. Bibi yangu aliondolewa kwake mahindi yakiwa bado shambani. Alichojitwika ni mlango wa mninga, maana fundi alikuwa bado anamdai. Kijiji kipya hichohicho ndicho kilichompa zahanati na kisomo cha watu wazima, akaweza kuandika jina lake. Mpaka anafariki alisimulia yote mawili, na la mlango lilimliza kila mara. Tena usianzie na uhamisho wa 1974. Huku kwetu Isimani mkuu wa mkoa wa Iringa, Dkt. Kleruu, aliuawa na mkulima siku ya Krismasi 1971. Ardhi ilikuwa moto zamani.

Mpiga Ramli: Roho haitulii kwa nini? Hapo umeruka.

Chaki Nyeupe: Haya. Aliyehamisha ni babu yangu mzaa baba. Alikuwa mgambo, wakaezua nyumba za watu baada ya tamko la Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini ni amri. Bibi aliyeezuliwa yupo kijiji hichohicho, na mjukuu wake namfundisha mimi. Mialiko nimeshapeleka. Msiniambie niahirishe, wazee hawa wakiondoka tutabaki na kitabu tu.

Mama Wawili: Kumbe umekuja kutafuta baraka, si ushauri. Huyo mtoto umemuuliza?

Nusu Shilingi: Chai hii. Mgambo wa 1974 leo aje kusimama darasani?

Chaki Nyeupe: Alikuwa na miaka 20. Piga hesabu mwenyewe.

Binti wa Isimani: Wajomba zangu wa umri huo wanalima mpaka leo. Tuache hilo. Mwalimu, usiwakutanishe mbele ya watoto. Mrekodi kila mmoja kwake, darasa lisikilize wote wawili na kusoma amri yenyewe ya 1973, lijue mgambo alitumwa na nani. Ruhusa ya kwanza kuombwa iwe ya bibi.

Chaki Nyeupe: Lakini babu mwenyewe ndiye anayetaka kuonana naye. Amekuwa akiniomba muda mrefu.

Mama Wawili: Na bibi anataka?

Chaki Nyeupe: Mwaliko alipokea binti yake. Kesho nakwenda kumsikia mwenyewe.

Nusu Shilingi: Lete jibu lake hapa, kisha tutajua kama ni chai.