Mfanyakazi anarudi baada ya kulazwa wodi ya akili: niwaambie nini wenzake?

Mwenye Bekari, Tororo

Nina bekari ndogo hapa Tororo yenye wafanyakazi 17, nikiwahesabu na vijana wawili wanaosambaza mikate kwa pikipiki. Mwezi uliopita kijana anayesimamia tanuri usiku alianza kukosa usingizi hata mchana. Alikuwa akizungumza bila kupumzika, akawapigia wateja simu saa nane za usiku kuwaahidi mikate ya bure, na usiku mmoja tulimkuta amepanga trei tupu sakafuni kutoka mlangoni hadi stoo ya unga, akisema anatengeneza barabara. Ndugu zake walimpeleka hospitali, akalazwa wiki tatu, kisha akapumzika nyumbani wiki mbili. Daktari ameandika kwamba anaweza kurudi kazini, na Jumatatu ijayo atakuwepo.

Sasa wasiwasi wangu si yeye, ni sisi tuliobaki. Wameshampa jina: wanamwita "Butabika". Hakulazwa Butabika hata siku moja, lakini hospitali hiyo ya magonjwa ya akili, inayotibu watu kule Kampala tangu 1955, jina lake limegeuzwa tusi katika nchi nzima. Mhasibu wangu ameniuliza kwa sauti ya chini kama ni busara kumweka tena karibu na moto. Jana asubuhi nilikuta kikombe chake cha chai kimetengwa dirishani, mbali na vingine, kana kwamba ugonjwa wa akili unaambukizwa kwa mate. Nilikirudisha mahali pake bila kusema neno, na tangu hapo najilaumu kwa kunyamaza.

Mwaka 2024 Siku ya Afya ya Akili Duniani, tarehe 10 Oktoba, ilihusu afya ya akili kazini, na yaliyosemwa mengi yalikuwa mazuri, ila yaliwafaa wenye idara za utumishi na washauri nasaha wa kuajiriwa. Idara yangu ya utumishi ni daftari moja na droo ya meza. Naomba ushauri wa watu wanaoendesha shughuli za ukubwa huu: niitishe kikao niwaeleze wenzake alichougua, au ninyamaze? Na tanuri nimrudishie?

Tabibu wa Akili, Mbale

Mama, usiitishe kikao chochote kabla hujazungumza naye mwenyewe. Mtembelee nyumbani au mpigie simu wiki hii, umuulize anataka wenzake waambiwe nini na aseme nani. Jina la ugonjwa wake ni mali yake, wala wewe hulazimiki kulijua. Hata hivyo, mahali penye watu 17, ambapo wote walisikia habari ya trei, kunyamaza kabisa nako ni kusema jambo, kwa sababu watu watajaza kimya hicho kwa hadithi zao. Mara nyingi sentensi moja iliyokubaliwa na mhusika inatosha: "Alikuwa mgonjwa, ametibiwa, amerudi, na maswali yote yaletwe kwangu." Kisha lile jina la kejeli lipigwe marufuku siku hiyo hiyo, waziwazi, na wewe mwenyewe. Hilo halihitaji ridhaa ya mtu yeyote.

Kuhusu tanuri, ningependa uitazame zamu kabla ya kuutazama moto. Unavyoeleza, dalili ya kwanza ilikuwa kukosa usingizi, na kwa watu wenye maradhi ya hisia kupanda na kushuka, kukesha hakuishii kuwa dalili tu, kunaweza pia kuuamsha ugonjwa uliokuwa umelala. Sijui ametibiwa nini hasa, lakini nikiwa mahali pako ningemtoa zamu ya usiku kwa miezi ya mwanzo, kwa makubaliano naye, bila kumpunguzia cheo. Zamu ya asubuhi nayo isianze alfajiri mno, kwani dawa nyingi za aina hii hunywewa usiku na huacha usingizi mzito asubuhi. Baadhi hukaza misuli au kufanya mikono itetemeke kidogo, na wasiojua husema "bado hajapona" wakati wanachokiona ni athari ya pembeni ya dawa.

Jambo moja la bekari hasa. Kama anatumia lithiamu, moja ya dawa za maradhi hayo ya hisia, joto la tanuri ni suala la kiafya: mtu akitoka jasho jingi bila kunywa maji ya kutosha, dawa hiyo hujilimbikiza mwilini na inaweza kumdhuru. Awaulize kliniki mwenyewe. Weka jagi la maji karibu na tanuri kwa ajili ya wote, ili lisionekane ni jagi la mgonjwa.

Na mhasibu wako umwambie kwamba wenye ugonjwa wa akili, kwa jumla, hudhuriwa na wengine mara nyingi zaidi kuliko wao wanavyodhuru.

Wakala wa Forodha, Malaba

Nitasema jambo ambalo huenda halitapendwa. Huruma hailipi kodi ya pango. Nina wafanyakazi tisa, na mmoja akikosekana lori husimama mpakani siku mbili huku mwenye mzigo akinitukana kwa simu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba sonona na wasiwasi huipotezea dunia siku za kazi bilioni 12 kila mwaka. Naamini hesabu hiyo, lakini siku ninazolala nikizihesabu ni zangu mwenyewe. Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mgonjwa mshahara kamili wa mwezi wa kwanza, na ikiwa ugonjwa unaendelea hadi mwisho wa mwezi wa pili, mwajiri anaruhusiwa kuvunja mkataba kwa kufuata masharti yake. Dada yetu asifanywe ajione mkatili kwa sababu tu ameuliza.

Nikiri, hata hivyo, kwamba kosa langu mimi lilikuwa la mapema zaidi. Kila kazi ofisini kwangu ilijulikana na mtu mmoja tu. Malaria peke yake ilitosha kunifungia ofisi. Siku hizi kila nyaraka ina watu wawili wanaoiweza, na tangu hapo sijali sana mtu ameugua kichwa au tumbo. Fundisha mtu wa pili wa tanuri hata kama kijana wako hataugua tena.

Fundi Mbao, Jinja

Mimi ndiye huyo anayejadiliwa, ila kwangu ilikuwa sonona, mwaka 2019. Nawaandikia yale ambayo huenda yeye hatayasema.

Karakana yetu ilikuwa na watu tisa, na niliporudi hakuna aliyenitukana. Walikuwa wapole mno. Bosi alinilipa mshahara ule ule, akanipa fagio. Nilifagia vumbi la mbao miezi minne, mimi niliyekuwa nikikata milango ya mninga kwa msumeno wa umeme, na kila nilipousogelea mtu aliuwahi. Nikicheka, wote walinyamaza kunitazama. Nikikasirika kwa sababu mtu kanipotezea tepu ya kupimia, jambo ambalo fundi yeyote hulikasirikia, waliulizana pembeni kama nimekunywa dawa. Matusi ningeyajibu, lakini upole wa namna ile nilishindwa niujibu vipi.

Kilichobadilisha mambo hakikuwa semina. Siku moja mzee mmoja wa karakana alikuwa na ubao mrefu mashineni, akapaza sauti bila hata kugeuka: "Wewe, shika huku nyuma." Nikashika. Tulipasua mbao sita. Kesho yake hakuna aliyelinda msumeno.

Kwa hiyo mama, kama tabibu na kijana mwenyewe wanakubali, mpe kazi yenye uzito wake. Kama ni ya muda, mwambie ni ya muda hadi lini, kwa tarehe. "Pumzika kwanza" isiyo na tarehe tuliokwisha kuugua tunaisikia kama kufukuzwa polepole.

Msomaji, Masaka

Naongeza dogo kuhusu maneno. Huku kwetu, wataalamu walipotaka kutibu sonona vijijini Masaka na Rakai mwaka 2002, hawakuanza na jina la kitabuni. Walitumia neno la Kiganda, *okwekyawa*, yaani kujichukia, ambalo kila mtu alilijua na halikumtia mtu aibu. Watu wa vijiji 30 walihusika. Katika nusu ya vijiji hivyo walikaa kwa vikundi saa moja na nusu kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofunzwa kazi hiyo, na dalili zao zilipungua sana kuliko za wale ambao hawakupata vikundi. Ukiwaambia waokaji "afya ya akili," nusu watasikia "kichaa." Ukiwauliza nani hapa amewahi kukosa usingizi kwa mawazo, sidhani kama kuna mkono utakaobaki chini.

Tabibu wa Akili, Mbale

Kwa ndugu wa Malaba: kipengele ulichotaja kinahusu ugonjwa unaoendelea. Huyu aliugua wiki tano na ana barua ya kurudi, kwa hiyo hakimgusi. Tena Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 inahesabu pia ulemavu unaotokana na akili na inakataza ubaguzi kazini, hivyo mwajiri anayemfukuza mtu kwa sababu ya wodi aliyolazwa ajiandae kujieleza. Wazo lako la watu wawili kwa kila kazi ni zuri kuliko semina nyingi nilizohudhuria.

Mwenye Bekari, Tororo

Nawashukuru wote. Jana nilikwenda kwao. Nilidhani angeomba nisiseme lolote, kumbe anataka kuzungumza mwenyewe, dakika tano, mimi nikiwa nimesimama pembeni. Habari ya trei anaikumbuka na anasema ataianza yeye kabla hawajaianza wao. Jambo lililomsumbua ni ufunguo wa stoo ya unga, aliokuwa akiutunza tangu tulipofungua, kwa sababu siku alipolazwa niliutoa kwenye mfuko wa koti lake mbele ya watu. Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo.

Tumekubaliana ataanza saa mbili asubuhi, kwenye mashine ya kukandia, hadi tarehe 30 ya mwezi ujao, kisha tutalizungumza upya suala la tanuri. Kijana mwingine ameshaanza kujifunza tanuri usiku, na wiki ya kwanza ametuunguzia mikate arobaini. Aliyebuni lile jina nimemwita peke yake. Alisema ulikuwa utani tu, nami nikamwambia utani huo umekwisha leo. Amenuna.

Limebaki moja. Siku yake ya kliniki ni Alhamisi, mara moja kwa mwezi, na Alhamisi ndiyo siku yetu ya oda nyingi kuliko zote. Nimeuliza kama inaweza kusogezwa, nikaambiwa haiwezekani. Basi Alhamisi hiyo mashine nitaisimamia mimi.