Mjadala: Anayeanza Doctor Who kwa michezo ya sauti na riwaya, aanzie wapi?

Msikilizaji wa Umoja

Naomba tulijadili hili waziwazi, maana kila mgeni akiuliza anamwagiwa orodha ndefu hadi anaghairi. Mtu yuko hapa Nairobi, ameona vipindi viwili vitatu vya Doctor Who kwenye runinga, amempenda yule msafiri wa nyakati aitwaye Daktari, anayebadilika sura kila mwigizaji mpya anapoingia, na kibanda chake cha polisi cha buluu, na sasa anataka kuingia kwenye michezo ya sauti na riwaya. Aanzie wapi?

Majibu ninayoyasikia ni matatu. Wengine wanasema aanzie mwanzo kabisa, 1963. Wengine, aanze na Daktari ambaye tayari anamjua sura. Wengine, popote ni sawa. Mimi nayapinga yote, na nataka nipingwe kwa hoja.

Hilo la "popote ni sawa" ndilo linaloniudhi zaidi. Big Finish, kampuni ya michezo ya sauti, walianza kutoa michezo ya sauti ya Doctor Who Julai 1999, na mfululizo wao mkuu peke yake ulifikia toleo la 275 kabla ya kufungwa 2021. Hapo sijagusa mifululizo ya pembeni. Upande wa riwaya, wachapishaji Virgin walitoa New Adventures 61 kati ya 1991 na 1997, kisha BBC wakaendelea na riwaya zao za Daktari wa Nane mpaka 2005. Kumwambia mgeni achague popote humo ni kumshusha mtu kituo cha mabasi cha Machakos Country Bus usiku na kumwambia apande gari lolote. Atapanda, ndiyo. Atafika asikokujua, na hatarudi.

Jibu langu ni moja: aanze na Storm Warning, mchezo wa sauti wa Januari 2001, Paul McGann akiwa Daktari wa Nane.

Sababu kubwa ni kwamba huyu Daktari hana mzigo wa runinga. Alionekana katika filamu moja tu, 1996, kisha kimya. Maisha yake yote mengine yako kwenye sauti na vitabu, kwa hiyo hakuna msimu wa runinga utakaokulaumu kwamba hukuutazama. Na runinga yenyewe ililikubali hilo. Mwaka 2013 walimrudisha katika kipindi kifupi cha dakika saba hivi, na kabla hajabadilika sura akawataja wenzake wa safari: Charley, C'rizz, Lucie, Tamsin, Molly. Wote watano ni watu wa kwenye sauti. Waliokuwa wakisikiliza tangu 2001 walijua anasema nao.

Storm Warning inatokea ndani ya R101, ndege kubwa ya gesi ya Waingereza iliyoondoka kuelekea Karachi ikaanguka karibu na Beauvais, Ufaransa, Oktoba 1930. Watu 48 walikufa. Hayo ni ya kweli, ya historia. Hadithi inamwongeza msichana mmoja, Charley Pollard, aliyejipenyeza humo akijifanya mvulana wa kazi. Daktari anajua ndege itaanguka, na anajua kwamba huyu msichana, kwa haki ya historia, hapaswi kutoka mzima. Anamtoa. Uamuzi huo unazaa kila kitu kinachofuata.

Sisemi mchezo wenyewe hauna kasoro. Dakika za mwanzo Daktari anajisemea peke yake kueleza anachokiona, na inachosha. Viumbe wa sayari nyingine wanaoingia baadaye hawana uzito wa ile ndege. Lakini ukishafika mwisho uko tayari kwa The Chimes of Midnight ya 2002, na huo ndio mchezo ninaowapeleka watu.

Ni mkesha wa Krismasi, 1906, jikoni kwa watumishi wa nyumba kubwa ya Waingereza. Saa ya ukutani inagonga. Msichana wa kuosha vyombo anakutwa amekufa, kichwa ndani ya sinki. Wenzake wanasema amejiua, wanarudi kazini. Mpishi anaendelea kuisifu pudini yake ya Krismasi kwa maneno yaleyale. Saa inagonga tena, anakufa mwingine, kwa njia ya ajabu kuliko ya kwanza, nao wanakubali tena. Halafu muda unarudi nyuma na wote wako hai, na yule mpishi anasema yaleyale. Hakuna picha. Kuna mlio wa saa, vyombo, na sauti za watu ambao wamezoea mno kuambiwa kwamba wao si kitu. Nilisikiliza usiku taa zikiwa zimezimwa na nikaziwasha. Lakini ukiingia hapo bila kumjua Charley na deni lake la kifo, utaogopa tu, hutaumia.

Riwaya zisubiri. Nyingi za Virgin hazichapishwi tena, na zinadai uwe umeshajua mengi. Ninaiondoa moja tu, Human Nature ya Paul Cornell, 1995, iliyochapishwa upya 2015: Daktari anajigeuza binadamu wa kawaida, anakuwa mwalimu katika shule ya wavulana Uingereza, 1914, vita vikuu vikiwa mlangoni, na anapenda. Hiyo msomaji yeyote ataimeza.

Haya, karibuni.

Msomaji wa Kariokor

Kaka wa Umoja, umezungumza vizuri lakini umeongea kama mtu mwenye chumba kimya. Mimi nasikilizia wapi? Nikiwa kwenye matatu, redio ya dereva iko juu, makanga anapiga mabati, na wewe unataka nifuate watu sita wanaoongea Kiingereza cha Waingereza cha 1906, wote kwa mpigo, hakuna nyuso. Nimejaribu. Mpaka nijue nani ni nani, keshauawa.

Kitabu hakinikimbizi. Nisipoelewa narudi ukurasa wa nyuma. Hakili bando wala chaji. Na kuna vitabu vilivyoandikwa hasa kwa mgeni, ambavyo hujavitaja hata kwa bahati mbaya: zile hadithi za runinga zilizogeuzwa vitabu vyembamba. Cha kwanza kilitoka 1964, cha David Whitaker, kuhusu wale Dalek, maadui wakubwa wa Daktari. Kuanzia 1973 wachapishaji Target wakavichapa kwa wingi, na Terrance Dicks peke yake aliandika zaidi ya 60. Kwa watoto wa Uingereza ambao hawakuwa na njia ya kurudia kipindi kilichokwisha pita, kitabu ndicho kilikuwa kipindi chenyewe.

Dicks anakuingiza kwa sentensi fupi, anakuambia mtu ni nani na anaogopa nini, unaendelea. Mwanangu wa darasa la saba anamaliza kimoja wikendi moja bila kuniuliza chochote. Vyetu vilitoka inama, kwa wauza vitabu vya mitumba wa kando ya barabara, vimekunjika kona, kimoja hakina jalada. Nani atanunua mchezo wa sauti wa kulipia kwa fedha za kigeni kabla hajajua kama anaupenda? Anza na kitabu cha mitumba. Ukipenda, sauti itakuja.

Mzee wa Jericho

Wanangu, nimewasoma. Mnaruka jambo.

Mnasema 1963 ni mbali mno. Lakini anayetaka kusikiliza, cha kwanza kusikiliza ni cha wakati huohuo! BBC walifuta kanda nyingi za miaka ya sitini kwa sababu kanda zilikuwa ghali na hakuna aliyedhani zitatakiwa tena. Picha zikapotea. Sauti hazikupotea hata moja, kwa kuwa watoto na wazazi wao waliweka vinasa sauti mbele ya runinga nyumbani wakarekodi. BBC wenyewe baadaye wakazitoa kwa umma, wakaongeza msimulizi wa kueleza yasiyoonekana. Kwa hiyo kuna vipindi vya Doctor Who ambavyo leo ni vya masikio tu, si kwa kupenda, kwa kunusurika.

Na Afrika imo katika habari hii. BBC walikuwa wakiuza nakala za filamu kwa vituo vya nje, na kituo kimoja kikimaliza kinapeleka kwa kingine. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi tisa vilivyodhaniwa vimepotea vimepatikana Jos, Nigeria, katika kituo cha kurushia matangazo. Vilikaa kwenye rafu miaka mingi. Bila Jos, hadithi nzima ya The Enemy of the World ingekuwa bado sauti na kipande kimoja cha picha.

Kijana wa Umoja, unamwanzisha mgeni na Daktari wa Nane kana kwamba saba waliotangulia ni kelele. Patrick Troughton, Daktari wa Pili, asikike kwanza. Sauti yake inacheza, inanong'ona, inakasirika ghafla. Mtu akishaielewa hiyo, wengine wote atawajua ni mtu mmoja.

Abiria wa Githurai

Shikamoo Mzee. Mimi nakataa kwamba kuna mlango mmoja.

Tulilelewa na michezo ya redio. Tembea na Majira ilipokuwa hewani KBC, nani kati yetu aliingia kipindi cha kwanza? Unakuta shangazi anapika redio iko juu ya kabati, unasikia mtu anagombana na jirani juu ya shamba, unauliza "huyu ni nani?", unaambiwa nyamaza, wiki inayofuata unajua. Sikio la huku linajua kuingia katikati.

Kwa hiyo mtu apewe mchezo mmoja unaojitosheleza, ulio bora, basi. Spare Parts, 2002, wa Marc Platt, Peter Davison akiwa Daktari. Mji uko chini ya ardhi, anga limekufa, watu wanakatwa viungo na kuwekewa vya chuma ili wadumu. Msichana mmoja, Yvonne, anaitwa kwenda kazini, familia inajivunia. Baadaye kitu kizito kinafika nyumbani kwao. Babake anakisikia kinaongea, na ndani ya ile sauti ya mashine anamtambua mwanawe. Umeniambia mtu anahitaji kujua nini kabla ya hapo? Hahitaji kitu. Ninatoka Githurai kila asubuhi na najua woga wa mzazi wa kumwachia mtoto aende kazini. Runinga yenyewe ilipowarudisha Cyberman, hao binadamu waliogeuzwa mashine, 2006, ilimshukuru Marc Platt mwishoni mwa kipindi.

Mgeni wa South B

Mbona hakuna anayewatetea David Tennant, Daktari wa Kumi, na Catherine Tate, mwenzake wa safari? Walirudi kwa sauti 2016, na ndio niliowaona runingani. Nikisikia zile sauti mbili tayari naziona sura. Hilo ni tatizo?

Msikilizaji wa Umoja

Si tatizo, dada au kaka wa South B. Wasikilize. Lakini utakuwa unakumbuka runinga, na ninachokipigania mimi ni ule ulimwengu ambao runinga haikuufikia. Christopher Eccleston, Daktari wa Tisa, naye alirudi kwa sauti 2021. Hao watakungoja.

Mzee wangu, kuhusu Jos nakushukuru kwa dhati, na sitabishana na Troughton. Ninachobisha ni mpangilio. Zile sauti za miaka ya sitini zilitengenezwa zitazamwe. Mtu anakimbia, kimya, mlango, kimya, halafu msimulizi anaingia kati kutueleza. Aliyeandika The Chimes of Midnight, Robert Shearman, alijua tangu sentensi ya kwanza kwamba hutaona chochote, na akaujenga woga wake juu ya hapo. Mgeni akianza na sauti iliyobaki baada ya picha kupotea atadhani mchezo wa sauti ni kitu kilichopungukiwa. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu si kweli.

Dada wa Kariokor, hoja ya kelele na lafudhi imeniingia, na vitabu vya Target nilipaswa kuvipa nafasi. Kwa anayesafiri kwa matatu na hana saa ya kimya nyumbani, kitabu kwanza, nakubali. Hata hivyo, kitabu cha Target kinakuonyesha runinga ilivyokuwa. Hakikufikishi kwa Charley. Human Nature nitakuazima, ila kijana wako asubiri kidogo. Kuna huzuni ya watu wazima mle.

Wa Githurai, wewe ndiye umenisumbua. Spare Parts ni bora kuliko Storm Warning, dakika kwa dakika, hilo siwezi kulikana. Lakini ukimaliza, unakwenda wapi? Hadithi imefungwa. Mgeni anaweka simu mfukoni, anasema kweli nimesikia kitu kizuri, na hapo ndipo safari yake inapoishia. Storm Warning inamwachia mtu swali: huyu msichana ambaye alipaswa kufa, historia itamdai lini?

Abiria wa Githurai

Na ikiwa Storm Warning yenyewe itamchosha kabla hajafika kwenye swali? Umekiri mwenyewe dakika za mwanzo ni nzito. Sisi wa barabara ya Thika tunakupa mpaka Roysambu tu. Mchezo usipokuwa umenishika hapo, nafungulia muziki, na Charley wako atabaki na deni lake.

Msomaji wa Kariokor

Hapo niko na wa Githurai. Ila mpe kitabu ashike mkononi, Roysambu ataipita bila kujua.