Alichoniandikia yule bwana pembeni mwa mswada wangu ni matusi matupu

Wanajukwaa, nawasalimu kwa hasira. Yule bwana mhariri mnamjua, sina haja ya kumtaja. Hakuna mswada uliowahi kupita mikononi mwake ukatoka mzima. Leo amenirudishia sura yangu ya nne, ambamo mhusika mkuu anafungua dirisha, anatazama mvua na kuikumbuka nasaba yake yote tangu gharika ya Nuhu, na pembeni, kwa wino mwekundu, ameandika neno moja tu: "Kisha?"

Kisha! Kurasa 12 za mvua niliyoieleza tone kwa tone, halafu mtu mzima ananiuliza kisha! Nilipodai ufafanuzi, alijibu kwamba mhusika ameingia katika onyesho hana analolitaka, hana anayemzuia, na ametoka vilevile alivyoingia, hivyo onyesho zima likiondolewa msuko wa hadithi hautatikisika. Akaongeza kwamba Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alikwisha kuulaumu msuko ambao visa vyake vinafuatana bila kimoja kukizaa kingine. Sawa, lakini Aristotle hakuniandikia "Kisha?" kwa wino mwekundu.

KalamuButu: Pole sana, ndugu. Nimeyasoma malalamiko yako kwa makini hadi mwisho, nami nina swali moja tu: kisha?

BintiWino: Mwacheni, jamani. Mimi alinifutia ugomvi wa ndugu wawili, eti waligombea urithi ukumbini, wakaugombea tena jikoni kwa maneno yaleyale, na ugomvi wa pili haukumgharimu mtu chochote. Sasa hati ya shamba inachanwa palepale ukumbini, na sura tatu zinazofuata zimepata sababu ya kuwapo. Bado sijamsamehe.

MswadaSandukuni: Hayo ni madogo. Yuko yule mwandishi mwingine, naye mnamjua, ambaye kila sura huimaliza kwa mlango kugongwa, na tukifungua sura inayofuata tunakuta ni upepo. Hiyo si taharuki, huko ni kuonea milango.

Mwanzisha uzi: Ndugu zangu, tafadhali turudi kwenye mvua yangu.

KalamuButu: Afadhali hata mlango. Wapo mabingwa wa mbinu rejeshi: upanga uko shingoni, mhusika anarudi utotoni kwa kurasa 40, na anaporejea msomaji ameshasahau upanga ulikuwa wa nani.

BintiWino: Na wale ambao mauaji, talaka na mazishi yote yanatokea, kisha mhusika anaamka kumbe alikuwa anaota?

MswadaSandukuni: Hao wafunguliwe uzi wao leo hii, nina mengi ya kusema.