Ameufuta utando wa buibui kwenye marimba ya mwanangu, kisha akauliza kama kwetu hatufagii

Wakuu, ninaandika nikiwa nje ya ukumbi, mikono bado inanitetemeka. Yule mkufunzi (ni mzazi gani hapa Dar es Salaam asiyemjua bwana anayevaa kofia ya sufu katika joto la Desemba?) alitutangazia warsha ya siku tano ambamo watoto wangetunga muziki wao wenyewe kwa ala wanazozipenda. Binti yangu wa miaka 11 akachagua marimba ya babu yake kutoka Dodoma, ile ya kisanduku chenye vyuma vya kupigwa kwa vidole gumba, ambayo sisi Wagogo tunaiita ilimba, akaipakata njia nzima kama kichanga.

Nisomeni taratibu. Kisanduku cha ilimba kina tundu, na tundu hilo huzibwa kwa utando wa buibui ili kila chuma kinapoguswa sauti itoke na mvumo, mfano wa nyuki aliyefungiwa chupani. Yule bwana akaiinua, akasema inakwaruza, akatoa kitambaa cha miwani na kuufuta ule utando. Akaufuta, wakuu! Kisha mbele ya watoto wote akamwuliza mwanangu, "Kwenu hamfagii?"

Baada ya hapo alimpeleka kwenye kinanda cha umeme, akamwambia abonyeze kitufe chenye mdundo uliotoka nao kiwandani, na huo ndio ukaitwa utunzi. Mtoto alipoeleza kwamba wimbo wake haukai kwenye kinanda, kwa kuwa sauti za ilimba hazilingani na za vitufe vile, alijibiwa kwamba marimba yake imepotoka. Hukwe Zawose, yule mwanamuziki wetu Mgogo aliyefariki mwaka 2003, alizunguka dunia na upotofu huohuo. Hayo yote ningeyasamehe, lakini kitambaa cha miwani? Cha miwani!

Bibi wa Tabata: Pole sana mleta uzi, ila naona umelikwepa swali la mkufunzi. Mnafagia au hamfagii?

Mgogo Halisi: Mleta uzi naye asitupotoshe. Si utando wowote wa kwenye dari, bali ni ule mweupe mgumu ambao buibui hufunikia mayai yake. Kama mlibandika wa darini, basi mkufunzi aliwasaidia usafi.

Baba Wawili: Afadhali wako alipewa kinanda. Wangu alikwenda warsha ya Zanzibar, ambako siku ya kwanza nzima iliishia kwenye kukaza nyuzi za ganuni, ile ala ya taarab yenye nyuzi nyingi, maana kila sauti ina nyuzi tatu na zote sharti zilie sawa. Siku ya pili umeme ulikatika na kipindi kikaahirishwa, ilhali ganuni haijawahi kuchomekwa ukutani tangu iumbwe.

Mama Kidato cha Pili: Kijana wangu alirudi na cheti cha utunzi pamoja na wimbo ambao watoto watatu wa mtaani kwetu wanao uleule, yamebadilishwa majina tu.

Baba Wawili: Ni ule unaoanza kwa makofi manne na filimbi?

Mama Kidato cha Pili: Huohuo! Na wewe umeuziwa?

Bibi wa Tabata: Mjukuu wangu anao pia, ila kwenye kiitikio wamesahau kumtoa mtoto wa watu. Uwekeni hapa tulinganishe.

Mleta uzi: Wakuu, tulikuwa kwenye utando.

Baba Wawili: Subiri kidogo ndugu, tunasikiliza wimbo.