Ruzuku ya mbolea: fungu la udongo liwekwe kwenye sheria, au tuendelee na mifuko tu?

Mleta mada

Wakuu, msimamo wangu nautaja mapema ili nisieleweke vibaya. Sitaki ruzuku ya mbolea ifutwe. Ninachotaka ni sehemu ya fedha hizo, tuseme robo, itengwe kwa mujibu wa sheria kwa ajili ya udongo wenyewe: chokaa ya kupunguza tindikali, samadi, mboji, mbegu za mikunde na upimaji wa udongo. Na isiwe jambo la kutegemea nani ni waziri mwaka huu.

Kwa ambao hawakufuatilia: tarehe 8 Agosti 2022, kwenye Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, Rais Samia alizindua ruzuku ya mbolea. Bei ilikuwa imeturukia kichwani. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi, ulikuwa umevuka Sh 130,000. Kwa ruzuku ukashuka hadi Sh 70,000. Kwa msimu ule wa 2022/23 Serikali ilitenga Sh bilioni 150. Bajeti ya Wizara ya Kilimo nayo ilitoka Sh bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi bilioni 954 mwaka uliofuata, na 2024/25 ikapita trilioni 1.2. Matumizi ya mbolea nchini yalikuwa tani kama 363,000 mwaka 2021/22. Kufikia 2023/24 yalikuwa yamezidi tani 800,000. Haya ni makubwa na anayeyabeza hajawahi kulima.

Lakini nendeni Nyanda za Juu Kusini mkaangalie udongo wenyewe. Maeneo mengi ya Njombe, Mbeya, Songwe na Ruvuma yana udongo wenye tindikali. Mvua nyingi ya miaka na miaka imeosha kalisi na magnesi, ikabaki chuma na alumini. Mkulima anamwaga DAP, fosforasi inanaswa na alumini kabla mzizi haujaifikia. Ndiyo maana unakuta shamba limepandiwa mbolea na bado mahindi yanatoa majani ya zambarau kama hayajawahi kuona mbolea. Msimu ukifika wa kukuzia, anaweka SA (salfeti ya amonia) au Urea, mbolea za naitrojeni, na hizo zote mbili, SA hasa, zinaongeza tindikali. Mwakani anahitaji mifuko zaidi kupata magunia yaleyale. Serikali inalipia mbolea ambayo mmea hauipati.

Novemba 2023, Dodoma, ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Kilimo Ikolojia Hai, yaani kilimo kisichotegemea kemikali za viwandani, wa kufika 2030. Naupongeza, umeandikwa vizuri. Ila mkakati haumlazimishi mtu kutenga hata shilingi. Mwezi wa tano bajeti ikisomwa, kinachopewa fedha ni kile chenye kifungu na chenye watu wa kukipigania, na mboji haina mtu wa kuipigania.

Tutazame majirani. Malawi ilianza ruzuku kubwa ya pembejeo msimu wa 2005/06 na mahindi yakajaa maghalani. Dunia nzima iliwasifu. Miaka ikaenda, ruzuku ikameza sehemu kubwa ya fedha za kilimo, ugani na utafiti vikabaki na makombo. Mwaka 2020 mpango ukabadilishwa jina. Machi 2024 ukame uliifanya nchi hiyo itangaze hali ya maafa katika wilaya 23 kati ya 28. Mbolea haihifadhi maji. Udongo wenye mabaki ya mimea ndani yake ndio unaohifadhi.

Kwa hiyo hoja yangu: Sheria ya Mbolea ya 2009 ifanyiwe marekebisho, iingizwe sehemu ya afya ya udongo yenye fungu lake. Karibuni, nipingeni kwa hoja.

Mkulima, Mbozi

Mkuu, nimesoma yote na naheshimu nia yako, ila robo unayoitaka itatoka kwenye mfuko wangu mimi.

Tufanye hesabu. Mfuko mmoja wa Urea una kilo 23 za naitrojeni. Bodaboda anaubeba kutoka kwa wakala hadi shambani. Samadi ya ng'ombe, ikiwa nzuri, tani moja inakupa kilo kumi hivi. Ina maana mfuko mmoja wa Urea ni zaidi ya tani mbili za samadi. Nina ekari tano na ng'ombe wawili. Hiyo samadi naitoa wapi na naibeba na nini? Kukodi Fuso tu kunazidi bei ya mbolea yenyewe.

Kabla ya ruzuku tulikuwa tunapandia bila kitu, tunasubiri kukuzia kwa mfuko mmoja tuliogawana na jirani. Leo mtoto yuko sekondari kwa sababu ya mahindi haya. Msije mkatupunguzia kwa jina la mazingira halafu waliotoa wazo wako mjini wananunua unga dukani.

Msomaji wa magazeti

Sri Lanka! Aprili 2021 Rais Gotabaya Rajapaksa alipiga marufuku mbolea za viwandani kuingia nchini, akataka nchi nzima ilime kwa mbolea ya asili. Novemba mwaka huohuo wakarudi nyuma, wakati mpunga umeshaanguka na chai imetikisika, nchi iliyokuwa inajitosheleza ikaanza kuagiza mchele. Tusiingie huko.

Mleta mada

Sri Lanka walipiga marufuku, kwa mkupuo mmoja, bila maandalizi. Mimi sijapendekeza marufuku ya chochote, nimesema robo. Tusijibu hoja ambayo haijaletwa.

Hoja ya Mbozi ndiyo nzito. Hesabu yako ya naitrojeni ni sahihi na siwezi kuipinga. Samadi haiwezi kuchukua nafasi ya Urea kwa mahindi ya biashara, anayesema inaweza anawadanganya wakulima. Kazi ya samadi ni nyingine: kuufanya udongo ushike maji na ushike hiyo Urea isioshwe na mvua ya Januari. Na kwenu huko, kabla hata ya samadi, kinachotakiwa ni chokaa, ambayo inachimbwa hapohapo Songwe. Tani moja au mbili kwa hekta, kulingana na vipimo, inakaa misimu kadhaa bila kurudia. Ukishatoa tindikali, mifuko michache inafanya kazi iliyokuwa inafanywa na mingi. Hapo robo imekurudishia, haijakupunguzia.

Wakala wa pembejeo

Niongee upande wa utekelezaji maana huko ndiko mipango mizuri inakofia.

Ruzuku ya sasa inafanyika kwa sababu mfuko unahesabika. Mkulima kajiandikisha kwenye daftari kijijini, ana namba yake, anakuja nayo, naiingiza kwenye mfumo, analipa sehemu yake na Serikali inafidia iliyobaki. Hata hivyo msimu wa kwanza watu walilala foleni mjini kwa sababu mawakala hatukufika vijijini, na kufika hatukuweza kwa sababu faida ya mfuko haikutosha nauli ya kuupeleka. Fidia ikichelewa, kampuni ninayochukulia mzigo inanifungia, na mimi nakaa na duka tupu mbele ya watu wenye hela mkononi.

Sasa niambie, samadi ataipima nani? Lori moja litalipiwa kwenye vijiji vinne. Tulishapitia mfumo wa vocha kuanzia 2008, tunajua vocha zilivyouzwa na zilivyosainiwa na watu wasiolima. Chokaa kwenye mifuko, sawa, naweza kuuza kesho. Mbolea zenye mchanganyiko wa asili na viwandani kutoka kiwanda cha Nala, Dodoma, nauza hata sasa, na ya Minjingu pia. Mboji ya kwenye shimo, hapana.

Afisa ugani mstaafu

Naungana na wakala, na naongeza: upimaji utangulie. Nimefanya kazi hii hadi nastaafu, na kosa kubwa nililoliona ni ushauri mmoja kwa nchi nzima, DAP kupandia, Urea kukuzia, kuanzia Sumbawanga hadi Same. Maafisa ugani wamepewa pikipiki kwa maelfu, jambo jema. Lakini pikipiki bila kipimo inampeleka afisa kijijini kwenda kurudia ushauri uleule. Kama kuna robo ya kugawa, mimi ningeanza na kila kijiji kujua udongo wake una tindikali kiasi gani. Anayeweka chokaa pasipohitajika anaharibu vilevile.

Mama wa Mbinga

Nawasoma tangu asubuhi, mnazungumza fedha na mifuko, hakuna aliyezungumza kazi.

Sisi Wamatengo tunalima ngoro tangu kwa mababu, kwenye miteremko ambayo trekta haiwezi kusimama. Mvua zikielekea mwisho majani yanafyekwa, yanaachwa yakauke, yanapangwa chini kwa mistari inayokatana hadi mlima mzima unakuwa miraba. Kisha unachimba katikati ya kila mraba, udongo unautupia juu ya majani pembeni. Katikati linabaki shimo la kupokea maji, pembeni tuta lenye majani yanayooza ndani. Maharage yanakaa juu ya tuta mwezi wa tatu, mahindi yanafuata mvua mpya zikianza. Wataalamu wametoka hadi Japani kuja kuchunguza.

Lakini mgawanyo uko hivi: mwanaume anafyeka, mwanamke anachimba. Kuchimba ndiko kazi ilipo. Mabinti wengi sasa wanalima matuta ya kawaida wakanunua Urea, na mimi siwalaumu, migongo ni yao. Kila nikisikia semina ya kilimo hai, yanatajwa mashimo, mboji, matandazo, kubeba samadi. Yote hayo ni mikono ya mwanamke na hayana mstari kwenye bajeti ya mtu. Kama sheria mnayoitaka haitalipia kazi hiyo, angalau mkokoteni na punda kwa kikundi, mtakuwa mmetuongezea mzigo na kuuita ikolojia.

Mwalimu, Babati

Mama kaongea. Nami niongeze soko. Huku kwetu mahindi na mbaazi vinalimwa shamba moja tangu zamani, mbaazi inarutubisha udongo bila ruzuku ya mtu. Agosti 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi za kununua kutoka nje, bei ikaanguka hadi watu wakaacha kuvuna. Shuleni kwangu wakati huohuo wazazi wanachangishwa mahindi na maharage kwa ajili ya uji na makande, na mtoto ambaye mzazi hakuchanga anakaa anawatazama wenzake wakila. Serikali ikinunua mikunde ya chakula cha shule kutoka kwa wakulima wa kata, mbaazi itarudi shambani yenyewe.

Mleta mada

Mama wa Mbinga, hoja yako haikuwemo kwenye andiko langu na ilitakiwa kuwemo. Nakubali fungu lianze na zana za kubebea na kuchimbia, zimilikiwe na vikundi vya wanawake na si kwa jina la mkuu wa kaya. Kwa samadi nakubaliana na wakala: isilipiwe kwa uzito, itazaa wizi. Kilipiwe kinachohesabika: chokaa ya mifuko, vipimo, mikokoteni, na mbegu za mikunde za daraja la kuazimiwa ambazo wakulima waliosajiliwa wanazizalisha huko huko chini ya ukaguzi wa TOSCI, taasisi ya Serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Mwalimu, chakula cha shule nakiunga mkono kwa moyo wote, ila nadhani kinahitaji fungu la wizara nyingine. Tukikibebesha robo hii itakwisha kabla haijafika shambani.

Mkulima, Mbozi

Kwa chokaa mmenishawishi nusu. Sharti langu: iletwe mwezi wa saba au wa nane. Chokaa inatakiwa ichanganywe na udongo mapema, kabla ya mvua za kupandia. Mnajua pembejeo zetu zinavyokuja. Ikifika Desemba pamoja na Urea, mtu atailundika stoo na hela ya Serikali itakuwa imepotea. Na mifuko ya mbolea niliyoandikishiwa isipungue msimu ambao chokaa bado haijaanza kufanya kazi.

Mleta mada

Tarehe iandikwe kwenye kifungu chenyewe, na msimu wa kwanza mgawo wa mbolea usiguswe. Hilo la pili linahitaji fedha mpya, sio robo ya zilizopo, na sitaki kulificha. Naomba mwenye uzoefu wa kupeleka maoni kwenye kamati ya Bunge inayoshughulikia kilimo atueleze utaratibu: barua inaandikwaje, na inatakiwa iwe imefika lini ili isomwe kabla ya vikao vya bajeti vya Aprili.